Mabenchi Tuliyoyasukuma Ukutani

Wadogo zangu wa wodi, tangu siku ya kuniaga mmenisumbua niandike. Haya, naandika. Nimestaafu, lakini mwili bado haujapata barua: saa kumi na moja alfajiri macho wazi, mkono unatafuta yunifomu msumarini. Vyeo sitavieleza, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua. Nitaeleza kazi yenyewe, ile ya kuuguza wagonjwa wa akili na walevi hapa Sumbawanga, na hasa mwaka mmoja ambao nikiukumbuka natembea nimeinua kidevu. Watu nitakaowataja wameniruhusu, wao wenyewe au watoto wao.

Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga wanawaza uchawi. Mimi ni mzaliwa wa Mollo, kijiji cha hapahapa, kwa hiyo siku ya kwanza kazini niliwaza baridi tu. Nilifika nimevaa sweta chini ya gauni jeupe, la pili nimelificha kwenye mkoba. Aliyenipokea ni Bwana Wensislaus, muuguzi mkuu wa wodi, mtu mrefu mkavu, funguo zote za wodi amezifunga kwa kamba ya kiatu na kuzivaa shingoni. Mgonjwa mmoja alikuwa anapiga kelele pembeni. Mimi, mwanafunzi bora wa chuo, nikakimbilia mashine ya presha.

"Binti," Bwana Wensi akaniita, "umemsalimia?"

"Bado."

"Sasa utampimaje presha mtu ambaye hujamjulia hali? Utapima hasira yake."

Akanizungusha wodi nzima niwasalimie wote, mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa shikamoo. Ilichukua asubuhi yote. Mzee mmoja alinijibu kwa Kifipa, tusi ambalo sijawahi kulisikia hata kwa bibi yangu, naye bibi yangu alikuwa fundi wa matusi. Bwana Wensi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo amekujibu," akasema. "Kampime."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Alinifundisha kufunga mlango bila kuupiga, kuficha mkasi, kusikiliza uongo mpaka mwisho ili ukweli upate nafasi ya kutoka. Alinifundisha pia kuandika. Tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na kwake kuandika "mgonjwa anaendelea vizuri" ilikuwa kama kutema mate sakafuni. Andika alichokula, alisema, andika alichosema, andika saa aliyoamka.

Sasa walevi. Nyie vijana mmekuta dawa nzuri na miongozo ya kubandika ukutani. Sisi kazi tuliijua kwa kuifanya. Mlevi akiachishwa pombe ghafla anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, anaweza kupata degedege na kufa. Kwa hiyo kamwe msimwambie mtu aliyezama kwenye gongo aache tu nyumbani kwa nguvu za sala, mleteni. Tuliwapa dawa za kutuliza, vitamini na uji, tukakesha nao. Baada ya siku kumi mtu anatoka na mashavu yake, anashukuru, mama yake anatuletea maharage. Mwezi haujaisha yumo kitandani mlemle. Tuliwaita wateja wa kudumu. Haukuwa utani mzuri, ila ndio tuliokuwa nao.

Niliwauliza sababu, na jibu lilikuwa moja, awe mkulima wa Pito au mfanyabiashara wa sokoni. Mchana wanaweza. Usiku ndio hauwezekani. Usingizi wa mtu aliyeacha pombe huharibika kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi: anageuka kitandani hadi jogoo, na dawa ya usingizi anayoijua yeye inauzwa nyumba ya tatu. Niliyaandika hayo yote kwenye daftari kama nilivyofundishwa, na sikuwa na la kuyafanyia.

Bwana Wensi akastaafu, funguo akanivalisha mimi. Mwaka uliofuata mkewe akafariki. Tulimzika Pito, kijijini kwao, mvua inanyesha, naye alisimama wima kama mlingoti. Miaka miwili baadaye, mwezi wa saba, bajaji ikasimama mbele ya wodi, binti yake Jenoveva akashuka, akamshusha baba yake akiwa amemkumbatia kiunoni. Mikono ya mzee ilitetemeka hata kofia haikushikika. Macho ya njano. Harufu ya gongo ilitangulia mlangoni kabla yake.

Nilitaka kulia, lakini kazi kwanza. "Shikamoo, Bwana Wensi."

"Marahaba, Kresensia," akasema, meno yanagongana. "Umesalimia kwanza. Vizuri."

Daktari wetu mkuu alimpima, hakuzungusha maneno. Alimwambia mbele yangu na mbele ya bintiye kwamba ini limechoka, na akiendelea kunywa hivi mwaka mmoja hautaisha. Jenoveva akashika ukuta. Mzee akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

Tukamsafisha pombe mwilini, akarudi nyumbani. Wiki tatu baadaye akarudi wodini. Tukamsafisha tena. Akarudi tena. Mara ile ya tatu nilivuta kiti, nikakaa karibu na kitanda chake.

"Bwana Wensi, umenifundisha kusikiliza. Sema, nakusikiliza."

"Nikifumba macho mke wangu anaingia na ndoo ya maji, kama alivyokuwa akiingia. Nikifumbua, chumba kitupu. Nikinywa glasi moja, nalala."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya kuishukuru ya kwanza."

Wakati huohuo tuliletewa daktari kijana, Daktari Neema, mtoto wa Dar es Salaam, anavaa masweta mawili na koti na bado anatetemeka kuliko wagonjwa. Siku moja alikuja na taa kubwa bapa ya mwanga mweupe mkali, aliyopewa na rafiki yake wa masomo. Akanieleza kwamba mwili una saa yake ndani. Mwanga mkali wa asubuhi ukiingia machoni unaiambia saa hiyo kwamba siku imeanza, na usiku usingizi nao unajua wakati wa kuja. Huko kwenye nchi zenye majira ya giza wanaitumia taa hiyo kwa watu waliozama kwenye huzuni na wasiolala, na wengine wameanza kuijaribu kwa walevi.

"Inatibu ulevi?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama. Bado haijathibitishwa. Inaweza ikasaidia usingizi, na usingizi ukasaidia mengine."

Nilimpenda kwa hilo "sijui". Madaktari wengi wa umri wake hawalitamki. Tukaiwasha taa, mgonjwa mmoja mmoja, nusu saa kila mmoja. Bwana Wensi alikuwa wa kwanza. Siku ya tisa umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, taa ikatoa moshi na kufa. Fundi aliifungua, akaifunga, akasema pole.

Daktari Neema alikuwa karibu kulia. Mimi nikatazama nje dirishani. Jua la Ufipa lilikuwa limejaa uani, la bure, halina waya.

"Daktari," nikasema, "hiyo taa yako ilikuwa inaigiza nini?"

Hapo ndipo niliposhika hatamu, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitoa uani mabenchi manne yasiyo na maegemeo, nikayapanga katikati ya uwanja. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUOTA JUA, SAA MOJA NA NUSU HADI SAA MBILI, KILA SIKU. Wanaotumia zile dawa zinazofanya ngozi iungue juani niliwaweka kivulini, hilo mlikumbuke. Wengine wote nje, na waliokwisha ruhusiwa waje kutoka nyumbani. Bwana Wensi alikuja kutoka Pito kwa baiskeli. Kwenye daftari nikachora safu mpya: kalala saa ngapi, kaamka mara ngapi, kanywa au hakunywa. Chai ya maziwa ikapita, watu wakaongea, nikajiona bingwa.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu wawili walirudia kunywa, na Bwana Wensi akaniambia bila kunitazama kwamba jana alikunywa, na leo pengine atakunywa. Jenoveva akaniuliza pembeni kama ni kweli naamini hili jambo, maana shemeji zake wanasema baba yake anaanikwa kama mahindi. Nilikuwa nimebakiza miezi minane ya ule mwaka wa daktari mkuu, na mabenchi manne.

Mtu mmoja tu alikuwa analala. Huyu ni Shabani, mchuuzi wa dagaa kutoka Wampembe, kule ziwani, aliyeletwa na ndugu zake baada ya pombe kumlia mtaji na mke. Safu yake kwenye daftari ilikuwa nzuri hata nikadhani ananidanganya: kalala saa tatu, kaamka mara moja, kalala saa tatu, hakuamka. Nikamuuliza anafanya nini tofauti.

"Nakaa tu, Nesi. Kwetu jua tunalikimbia, nyie huku mnalifuata kama jiko. Mimi hata kulikalia sijui."

Kweli hakujua, na tulikuwa tunamcheka. Anakaa kinyume na wenzake, kichwa wazi, uso mbele, macho yako kwenye lango maana anangojea lori linalomletea habari za nyumbani. Mzee mmoja wa Mollo alimwambia kila asubuhi, "We mtu wa ziwani, geuka, utaota ugonjwa."

Asubuhi moja nilikwenda langoni kupokea maziwa. Lango letu liko mashariki. Nikageuka na kidumu mkononi, nikawatazama wagonjwa wangu kutoka upande wa jua kwa mara ya kwanza. Niliona migongo kumi na moja na uso mmoja.

Migongo, ndugu zangu! Mablanketi yamefunika vichwa, vitenge vimevutwa hadi kwenye nyusi, wote wamelipa jua kisogo na kutazama ukuta wa wodi. Ndivyo Mfipa anavyoota jua tangu azaliwe. Baridi inakaa mgongoni, kwa hiyo mgongo ndio unaopelekwa juani, na uso unakaa upande wa wenzako mpige soga. Mama yangu aliniotesha hivyo. Hata mimi mwenyewe, nikikaa nao na kikombe changu, nilikaa hivyohivyo. Wiki tatu nzima nilikuwa naitibu migongo ya watu kwa dawa ya macho.

"Daktari!" nikapiga kelele hadi ng'ombe wa jirani akageuka. "Daktari Neema, njoo uone tulivyo wajinga!"

Akaja mbio na masweta yake. Akatazama. Akakaa chini kwenye majani akacheka hadi machozi, nami nikacheka, na Shabani akasimama akiuliza amefanya nini.

Kuwaambia wageuke haikutosha. Waligeuka, na dakika tano baadaye mgongo wenyewe ukarudi kule unakojua. Ndipo tukayabeba mabenchi manne tukayasukuma yakagusa ukuta wa wodi, ule unaotazama mashariki. Sasa anayetaka kulipa jua mgongo apige pua yake kwenye matofali. Blanketi miguuni, kichwa wazi, kofia mfukoni. Macho hayatazami jua lenyewe, hilo ni kuua macho. Yanatazama shamba la maharage upande wa pili wa ua, mwanga unaingia wenyewe. Mgongo ukilalamika, tukampa chai ya pili.

Wazee walinuna. Bwana Wensi alisimama mbele ya benchi amekunja mikono.

"Kresensia, mtu mzima haelekezi uso kwenye jua kama mjusi."

"Bwana Wensi, ulinikabidhi funguo. Nesi ni mimi. Kaa."

Alinitazama vile alivyonitazama siku ya kwanza ya kazi. Halafu akavua kofia, akakaa.

Siku ya kumi daftari likaanza kubadilika. Sitawadanganya kwamba kila mtu alipona. Wawili waliacha kuja, na mmoja aliendelea kulala vizuri na kunywa vizuri vilevile. Jua peke yake halimwachishi mtu pombe. Dawa zilikuwepo, mazungumzo ya kikundi yalikuwepo, na kuna mama mmoja aliyepona, nadhani, kwa kumwogopa mkwe wake tu. Lakini wale waliokuwa wananiambia usiku hauwezekani walianza kuniambia usiku unapita. Kaamka mara nne, kaamka mara mbili. Wateja wa kudumu wakaanza kukosekana vitandani, na Daktari Neema akawa anapita wodini anahesabu vitanda vitupu kama mtu anayehesabu mbuzi waliozaa mapacha.

Mvua zilipokuja nilidhani tumekwisha. Daktari akapima mwanga kwa simu yake, wodini kisha chini ya mapaa, na kunionyesha kwamba hata siku ya mawingu nje kuna mwanga mwingi kwa mara kadhaa kuliko ndani penye taa. Tukakaa chini ya mapaa na makoti ya mvua. Krismasi Bwana Wensi alianguka, akanywa siku mbili, akarudi mwenyewe kwa baiskeli, kaloa chapachapa. Alikaa mahali pake ukutani, nami nikaandika kwenye daftari: kanywa, karudi.

Mwaka ule aliotaja daktari mkuu ukafika mwisho wake katika mavuno ya ulezi, na mavuno ndiyo wakati mbaya kuliko wote. Kila nyumba ya pili inapika pombe. Watu wanazunguka chungu na mirija yao, maji ya moto yanaongezwa, na anayekataa anaonekana ana kinyongo na mwenye nyumba. Shabani alikuwa amesharudi Wampembe na mtaji mdogo wa kuanzia, lakini wengine walikuwa hapa, katikati ya harufu. Nilikuwa nawahesabu kila asubuhi kabla ya chai.

Asubuhi moja nafasi ya Bwana Wensi ikawa tupu. Saa mbili ikafika, ikapita. Hajawahi kukosa tangu Krismasi. Nikapiga simu ya Jenoveva, haipokelewi. Daktari Neema akanichukulia daftari mkononi.

"Nenda, Mama. Nitakaa nao."

Nikakodi bodaboda hadi Pito. Njia nzima wanawake wamebeba masuke ya ulezi, wananisalimia kwa furaha, nami napanga maneno ya kumwambia Jenoveva. Nilikuwa na maneno mengi, yote ya msibani. Nilimkuta uani anapepeta ulezi, simu ameiacha ndani. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

"Hajaamka," akanong'ona.

"Jana alirudi saa ngapi?"

"Hakutoka, Nesi."

Sikumwamini. Miaka yote hii nimedanganywa na familia zinazowapenda wagonjwa wao, na sikuwalaumu hata mara moja. Nikavua viatu, nikaingia. Bwana Wensi alilala chali, mdomo wazi, ukanda wa jua kutoka dirishani umeshafika kwenye blanketi. Nikainama hadi pua yangu ikawa karibu na mdomo wake. Pua yangu ina utumishi mrefu serikalini, haihongeki. Ilinusa maharage ya jana na usingizi. Nikahesabu pumzi dakika nzima: kumi na nne. Nikashika mkono wake uliokuwa nje ya blanketi. Haukutetemeka.

Nikakaa juu ya gunia la mahindi. "Alilala saa ngapi?"

"Saa tatu usiku," Jenoveva akasema mlangoni, machozi yanamtoka. "Jana tulivuna kutwa. Majirani walimwita, akasema amechoka. Hajaamka hata mara moja. Nikashindwa kumwamsha, Nesi. Tangu mama afe sijamwona baba amelala."

Nikatoa simu, nikampigia Daktari Neema. Alipokea kabla haijalia vizuri.

"Mama? Amelewa?"

"Amelala," nikasema.

"Amelala amelewa?"

"Amelala tu, Daktari. Amelala kama watu."

Simu yangu ni ile inayosikika hadi barabarani, mnaijua. Nikamsikia akiwageukia walioko kwenye mabenchi akiwatangazia, na halafu zikalipuka kelele: vigelegele vya akina mama, makofi, mzee wa Mollo anapiga mluzi, chumba chote cha Pito kikajaa. Bwana Wensi akafumbua jicho moja. Akanitazama nimekaa kwenye gunia na yunifomu, nalia, akamtazama bintiye naye analia, akaitazama simu inayopiga vigelegele.

"Kresensia," akasema, "nani anaolewa?"

Nikamwambia hakuna, alale, bado mapema. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Akageuka upande wa ukutani, akavuta blanketi, akaendelea.